Jinsi Skelby Tulivyojifunza Kukaa

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba mji wa Skelby, ambao tangu uwepo umekuwa ukisimama, sasa umejifunza kukaa. Kazi hiyo imekamilika bila kumwaga damu, ukiacha pua ya Dougie Relph. Nami Hilda Tyson, nikiwa Msimamizi Huru wa Ukaaji, nimeombwa na klabu niieleze tangu mwanzo, ili vizazi vijavyo visije vikadhani makalio yao yalifika kwenye viti yenyewe.

Klabu yetu ni ya raga. Nasema ile raga ya wachezaji kumi na watatu, si ile nyingine ya kumi na watano inayopendwa na mawakili. Tunacheza karibu na kilipokuwa kiwanda cha chuma, upande wa bahari, ambako upepo haujawahi kupumzika. Mwaka jana ilikuja barua kutoka Makao Makuu ya Ligi. Ilisema daraja la tatu, tunamocheza sisi, litaimarishwa. Namna ya kuliimarisha ilikuwa ni kulifuta. Klabu itakayopokewa daraja la pili itaendelea kuishi. Itakayokataliwa itapewa cheti cha shukrani, chenye fremu.

Mwenyekiti wetu, Gerald Fearon, ambaye ndiye mwenye bucha ya pale kona, alituita ukumbi wa kanisa la Wamethodisti akatusomea barua ile mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anatafuna.

"Kwa hiyo tukikataliwa?" akauliza mume wangu Cyril.

"Tunapewa cheti."

"Na uwanja?"

"Halmashauri inataka kuugeuza maegesho ya magari."

"Magari ya nani? Watu watakuja kufanya nini huku kama hakuna raga?"

"Watakuja kuegesha, Cyril."

Cyril alikuwa winga wetu enzi zake, na wanaokumbuka husema alikuwa akikimbia kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Sasa nyonga yake ya kushoto imekwisha kabisa. Akitaka kuinuka kwenye kiti huanza kujitayarisha mapema, kama meli inayong'oa nanga, na huhitaji fimbo, meza, na mimi. Siku yake nzuri ni Jumamosi. Jumamosi husukumwa, huvutwa, huegeshwa uwanjani kwenye chuma chake, na hapo huwa mtu mzima.

Hicho chuma lazima nikieleze vizuri. Upande mmoja wa uwanja tuna Kibanda, paa refu la bati ambalo chini yake watu husimama. Mbele yao kulikuwa na chuma kirefu cha kuegemea, kimo cha kifua. Kila mtu ana mahali pake kwenye chuma kile, alipoachiwa na baba yake au na shemeji. Viwiko vimekila mpaka ukipitisha mkono unahisi mabonde. Bonde la Cyril ni la tatu kutoka kwenye mfereji. Hakuna mtu wa Skelby aliyewahi kukaa kwenye mechi. Kukaa ni kwa mazishi, na hata huko ni pale mhubiri anapozidisha.

Na hapo ndipo tuliposhikwa. Masharti ya daraja la pili yamo ndani ya kitabu kinachoitwa Kanuni za Uzoefu wa Mtazamaji, na ukurasa wake wa kwanza unasema hivi: *Mtazamaji ni mtu aliyekaa, makalio yake yakiwa yamegusana na kiti kilichoidhinishwa, tangu filimbi ya kwanza hadi king'ora cha mwisho, isipokuwa wakati wa mapumziko. Mtu aliyesimama ni Mpita Njia.* Klabu inayoomba inapaswa kuwa na viti mia tano, na siku ya ukaguzi viti vyote viwe na watazamaji. Kikikosa mtu kiti kimoja, ombi limeanguka.

Makao Makuu walipiga hesabu zao wakagundua kwamba Skelby, kisheria, haijawahi kuwa na mtazamaji hata mmoja. Walituandikia kutupongeza kwa kudumu muda wote huo bila kutazamwa na mtu.

Kisha akaja Bwana Julian Prewett mwenyewe, Mkurugenzi wa Viwango na Uzoefu wa Mtazamaji. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, amenyoa vizuri, na koti lake lilikuwa la sufu nzito rangi ya ngamia, lenye ukosi ambao ungetosha kumfunika mtoto. Alizungumza kwa sauti ya taarifa ya habari. Nyuma yake alikuja msaidizi wake, Bi Rowena, binti mtulivu aliyebeba kitabu cha Kanuni kifuani kama mtu aliyebeba mkate wa moto.

Bwana Prewett alisimama mbele ya Kibanda akakiangalia chuma.

"Hiki ni nini?"

"Chuma," akajibu Dougie Relph, ambaye ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote Skelby na bonde lake liko katikati kabisa.

"Kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu, mkubwa. Sisi ndio tunaofanya. Tunakiegemea."

"Kanuni hairuhusu chuma cha kuegemea mbele ya watazamaji."

"Si umesema sisi si watazamaji?"

Bwana Prewett akamgeukia Bi Rowena. Bi Rowena akafunua kurasa, akafunua tena, akasema, "Hoja hiyo haimo, bwana."

"Basi king'olewe."

Dougie akageuza uso kama mtu anayetafuta kikohozi cha kufichia machozi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale na trei ya chai, niliuliza kama Kanuni inasema lolote kuhusu chuma cha kuanikia nguo. Niliuliza kwa nia njema kabisa. Jezi za wachezaji hulowa, na mimi ndiye ninayezifua. Bi Rowena alitafuta mpaka chai ikapoa. Hakuna kitu. Kwa hiyo chuma kiling'olewa kwa heshima zote, kikasimikwa upande wa pili wa uwanja, nje ya jiko langu la chai, na kikasajiliwa kuwa Kifaa cha Kuanikia. Tangu siku ile aproni yangu haikosi vibanio vya nguo.

Ndipo likaja suala la Msimamizi. Bi Rowena akasoma: "Klabu itateua Msimamizi Huru wa Ukaaji. Awe mtu wa kuheshimika, asiyeshabikia. Macho yake yawe kwa watazamaji muda wote wala si kwa mchezo. Uamuzi wake ni wa mwisho, haukatiwi rufaa, na unamhusu kila mtu aliyeko kwenye viti, awe wa cheo chochote."

"Kifungu hicho nilikiandika mimi," akasema Bwana Prewett.

Watu wote wakanigeukia. Kidirisha cha jiko langu kinatazama ukuta. Nimetoa chai Skelby tangu nikiwa mchumba wa Cyril, na sijawahi kuona trai, lile bao la kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, hata moja. Hata zile za Cyril sikuziona. Nilikuwa nachuja chai. Kwa uhuru wa aina hiyo hakuna aliyeweza kushindana nami.

"Na wewe, bwana?" Cyril akamuuliza. "Siku ya ukaguzi utakuwa wapi?"

"Nitakaa kama wengine. Mkaguzi lazima awe mtazamaji kamili, vinginevyo ukaguzi hauhesabiki. Tuliweka kifungu hicho baada ya mwenzangu mmoja kukagua klabu fulani akiwa mgahawani. Aliipa alama zote kwa sababu ya zulia."

"Na klabu ambayo haikukaguliwa kufikia siku ya mwisho, bila kosa lake, huhesabiwa imepokewa," akaongeza Bi Rowena, ambaye hakupenda kuacha ukurasa nusu.

"Imewahi kutokea?" akauliza Gerald.

"Haiwezi kutokea," akasema Bwana Prewett, akifunga kifungo cha koti. "Mimi hukagua."

Viti tulivipata kwenye sinema iliyofungwa. Vilikuwa na mito myekundu iliyochakaa na springi kali: ukiinuka, kiti hujikunja nyuma yako kwa kishindo, *pa!* Bwana Prewett alivipenda. Alisema vinajisimamia.

Sasa tukaanza Mpango wa Kukaa. Kila Jumanne jioni tulikusanyika chini ya Kibanda, watu tumekaa safu kwa safu na mablanketi magotini, na Gerald akasimama uwanjani na kipaza sauti akitangaza mechi isiyokuwepo.

"Skelby wana mpira... wanaangushwa... wanainuka... oo, kuna pengo! Kuna pengo upande wa kushoto!"

*Pa. Pa. Pa-pa-pa-pa.*

"Kaeni!" nikapaza sauti. "Hakuna pengo. Hakuna hata mpira."

"Lakini amesema pengo, Mama Tyson!"

"Atasema mengi. Kaeni."

Jumanne ya pili Dougie aliinuka kwa nguvu mpaka akapitiliza, akaangukia kiti cha mbele na kuvunjika pua. Nilimsifu kwa moyo wake, nikambana kibanio begani. Huo ndio ulikuwa utaratibu wangu: Makao Makuu hawakutoa kifaa cha kumtambulisha mtu aliyepoteza hadhi ya mtazamaji, nami nilikuwa na vibanio. Kwanza watu walicheka. Baadaye mtu akibanwa alikuwa akiinamisha kichwa kama aliyetengwa na kanisa.

Kamati iligundua kwamba wanaokaa vizuri zaidi ni wale wasioweza kuinuka. Mji wetu, kwa kuwa ulichimba makaa na kuyeyusha chuma, una hazina ya magoti mabovu ambayo haikuwa imetumika ipasavyo. Gerald aliipanga hazina ile kitaalamu: kila kijana mwenye miguu mizima alikalishwa katikati ya wazee wawili wenye mikono mizito. Juu ya wote aliwekwa Cyril, ambaye kwa kauli moja aliteuliwa kuwa Mkaaji wa Mfano. Watoto wa shule waliletwa kumwangalia.

Wiki chache kabla ya ukaguzi hospitali iliandika kwamba zamu ya Cyril ya kubadilishwa nyonga imefika. Alikuwa ameisubiri mpaka tumeacha kuitaja. Kabla sijamaliza kufurahi, Gerald akagonga mlango na soseji zimefungwa kwenye karatasi nyeupe.

"Cyril, ndugu yangu," akaanza, akiziweka mezani. "Kamati imekaa."

"Nasikia siku hizi inakaa sana."

"Ukitengenezwa sasa hivi utakuwa mtu wa kurukaruka, au utakuwa kitandani. Vyote viwili vinatuharibia. Tunakuhitaji hivyo ulivyo."

"Nikiahirisha wananirudisha mwisho wa foleni, Gerald."

"Najua. Ndiyo maana nimeleta zile zenye tangawizi."

Cyril akanitazama. "Hilda, wasemaje?"

Nikamwambia kwamba nikiwa Msimamizi Huru sina maoni. Nikiwa mke wake ninayo, na aliyasikia yote usiku uliotangulia wakati namgeuza upande. Alizitazama zile soseji, akatazama dirishani, ambako huonekana kipande kidogo cha bati la Kibanda.

"Waandikie hospitali," akasema. "Nikipona mguu na klabu haipo, nitautembezea wapi?"

Basi ikafika Jumamosi ya ukaguzi, siku ya mwisho ya mwezi na ya mwisho ya maombi. Mechi ilikuwa dhidi ya Ormthorpe, watu wa juu ya kilima, ambao sitawasema vibaya katika taarifa rasmi. Viti vyote vilijaa. Bwana Prewett alikaa mstari wa mbele, katikati, koti limefungwa mpaka juu, na Bi Rowena pembeni yake na kitabu. Mimi nilisimama mbele yao nikiwatazama, nimeupa mchezo mgongo, nimevaa kizibao cha njano ambacho Gerald alikiandika HURU kwa rangi ya kupaka milango.

Filimbi ikalia, na mji wa Skelby ukakaa.

Sijui kama mmewahi kusikia mji mzima ukijizuia. Hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu tulikuwa tumegundua kwamba sauti ndiyo huanza, kisha makalio hufuata. Nilisikia wachezaji wakigongana nyuma yangu, matope yakinyonya viatu, na kocha wetu akitukana kwa adabu. Katikati ya kipindi cha kwanza nahodha wetu alikuja mpaka karibu nami, akanong'ona, "Mama Tyson, nani amefariki?"

"Hakuna. Cheza, mwanangu."

Wakati wa mapumziko wote waliinuka pamoja, kama bisi kwenye sufuria. Nikatoa chai. Bwana Prewett alisema hali vitu vya mtaani, labda kipande tu cha pai, kwa ajili ya ukaguzi. Nikampa pai ya nyama na kikombe cha njegere zilizopondwa. Mimi hutazama sana namna watu wanavyokula. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akakinyofoa kifuniko cha pai kwa meno, akazimimina njegere zote ndani, akakirudisha kifuniko, akakikandamiza kwa kidole gumba. Kula pai hivyo hakufundishwi Makao Makuu. Wanaokula hivyo hutoka vijiji vya bonde la pili kutoka hapa, na hujifunza kabla ya kuota meno ya nyuma. Sikusema kitu. Alijifuta vidole kwenye leso, akawa Mkurugenzi tena.

Kipindi cha pili nimeulizwa habari zake mara nyingi, na jibu langu ni lile lile: sikuona mchezo, niliona nyuso. Niliona Ormthorpe wakifunga trai kwenye uso wa Gerald. Niliona sisi tukirudisha kwenye uso wa mke wa mhubiri. Mpaka karibu na mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, na nililijua hilo kwa jinsi Dougie alivyokuwa akiila kofia yake.

Kisha macho yote yakaenda kushoto, kwenye mstari wetu wenyewe, yakatulia pale yakiwa yametoka kama ya samaki. Nikajua Ormthorpe wameuangusha mpira mlangoni petu na sisi tumeuokota. Halafu, polepole, vichwa vyote vikaanza kugeuka kulia kwa pamoja, kama pazia linalovutwa. Viti vikaanza kulia. Watu walikuwa wameinua miili yao yote isipokuwa ile sehemu inayotajwa na Kanuni. Kanuni inasema kugusana. Haisemi kwa uzito gani. Wazee waliwashika vijana mapaja. Mke wa mhubiri alimshika mhubiri mkanda. Nyuma yangu nikasikia miguu inakuja, inakuja, ikapita kwa karibu mpaka upepo wake ukanipepea sketi, na harufu ya dawa ya misuli. Huyo alikuwa Kyle Mossop, winga wetu, tarishi wa barua, anayetuletea bili kila asubuhi. Sijawahi kuwa karibu na trai namna ile.

*Pa!*

Mji mzima uligeuka, ukaacha kutazama trai. Safu ya nne, mahali pa heshima, alikuwa amesimama Mkaaji wa Mfano. Hakuwa na fimbo, wala meza, wala mimi. Mikono juu, kidevu juu, mguu wa kushoto umenyooka kama wa kijana. Mtu ambaye asubuhi ile nilimvalisha soksi.

King'ora kikalia. Tulikuwa tumeshinda mechi na tumepoteza kila kitu kingine.

Nilipanda ngazi.

"Cyril."

"Hilda."

"Umesimama."

"Najua, mke wangu. Sikuamua. Nilishtukia tu niko huku juu."

Nikatoa kibanio kwenye aproni nikambana begani. Kibanio kilinitoka mara mbili kabla hakijashika. Naliandika hili kwa sababu taarifa inapaswa kuwa kamili.

"Bana vizuri," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Kisije kikaanguka."

Gerald alijifunika uso kwa kofia. Dougie alilia kwa sauti yake yote, ambayo ndiyo aliyokuwa nayo tu.

Lakini kazi ya Msimamizi haiishi kwa huzuni. Masikio yangu yalikuwa yamesikia *pa* mbili kabla ya king'ora, na ya pili ilitoka chini, mstari wa mbele. Nikashuka ngazi moja moja, kwa kuwa na mimi nina magoti ya Skelby.

Bwana Prewett alikuwa bado amesimama. Koti lilikuwa wazi, ngumi zote mbili hewani, mchuzi wa pai kwenye kifua, na kwa lafudhi ya bonde la pili kutoka hapa alikuwa anapiga kelele, "Kimbia, dogo! Kimbia! Usiangalie nyuma, kimbia!" ingawa Kyle Mossop alikuwa ameshafika zamani na sasa analaliwa na wenzake.

"Bwana Prewett," nikasema.

"Trai gani ile, mama! Umeiona?"

"Sikuiona, bwana. Kanuni." Nikambana kibanio kwenye ukosi wa koti.

Alikitazama. Akanitazama. Akakaa haraka sana, lakini alikuwa amesahau kwamba viti vya sinema havimngoji mtu, na kiti chake kilikuwa kimeshajikunja. Ilibidi tumwokote sakafuni, mimi na Bi Rowena.

"Nilisimama nukta moja tu," akasema, ile sauti ya taarifa ya habari ikimrudia kwa vipande.

"Uamuzi wa Msimamizi haukatiwi rufaa, bwana," akasema Bi Rowena, kitabu wazi.

"Mimi ni Mkurugenzi!"

"'Kila mtu aliyeko kwenye viti, awe wa cheo chochote.'"

"Nani aliandika upuuzi huu?"

Bi Rowena akageuza ukurasa, kwa uangalifu. "Wewe, bwana. Kuna sahihi."

Bwana Prewett akafikiri. Watu mia tano wakamsubiri afikiri.

"Basi sikuwa mtazamaji."

"Ulikuwa mpita njia, bwana."

"Na ukaguzi?"

"Haukufanyika."

"Basi ombi lao limekufa!" akasema, kama mtu aliyeona mlango.

"Leo ni siku ya mwisho," Bi Rowena akajibu. Uso wake ulikuwa mtulivu kama sahani. "Na kosa si la klabu. Wamepokewa, bwana. Hongereni."

Hakuna aliyeshangilia. Nadhani hawakuwa na hakika kama inaruhusiwa. Gerald alitoa kofia usoni akauliza kwa sauti ndogo sana, "Na Mzee Tyson? Si amesimama mbele ya watu?"

"Mzee Tyson alisimama kwenye ukaguzi ambao haukuwepo," akasema Bi Rowena. "Hakusimama."

Cyril alifurahi kusikia hivyo, kwa sababu alikuwa bado amesimama na hakuna aliyekumbuka kumsaidia kukaa.

Sasa tuko daraja la pili. Viti vipo, vinatumiwa na wenye magoti, na springi zake tumezipaka mafuta. Wengine, kila Jumamosi, hukusanyika upande wa pili wa uwanja, kwenye Kifaa cha Kuanikia, ambako wamejitolea kuzilinda jezi zisichukuliwe na upepo. Ulinzi huo huwalazimu kuegemeza viwiko. Hospitali ilimwita tena Cyril majira ya kuchipua, na sasa anautembeza mguu wake mpya kutoka nyumbani mpaka bonde la tatu, bila mimi, na njiani huwasimamisha watu ili awaambie jinsi ambavyo hakusimama siku ile.

Bwana Prewett alihamishwa. Nasikia ni Idara ya Maegesho. Jumamosi moja ya mvua tulimwona anakuja peke yake, bila Bi Rowena, ambaye ndiye Mkurugenzi siku hizi. Alinunua pai, akaifanya vile vile anavyoifanya, kisha akasogea kwenye chuma.

"Hapo pana mtu," Dougie akamwambia.

"Na hapa?"

"Hapo pana mtu pia. Amekufa, lakini mwanawe bado hajaamua."

"Nifanye nini ili nipate mahali?"

Dougie, ambaye sasa ni mwenyekiti wa Kamati ya Viwiko, alijisugua pua yake iliyopinda. "Utaomba. Kamati itakukagua. Tunatazama unavyoegemea, unavyotukana, na unavyojibeba tukifungwa."

"Inachukua muda gani?"

"Baba yangu walimchunguza hadi akazeeka."

Kwa sasa amepewa mahali pa muda, mwisho kabisa wa chuma, chini ya bomba linalovuja. Huja kila mechi ya nyumbani, na lile koti la ngamia limeanza kupoteza rangi. Ombi lake linashughulikiwa. Mpaka likamilike hatuwezi kumwandika kuwa mwanachama, na kwa kuwa anasimama, hatuwezi kumwandika kuwa mtazamaji. Mimi hukabidhi taarifa ya Kifaa cha Kuanikia kila mwisho wa mechi, nami sipendi kuacha kitu bila jina. Kibanio changu bado kiko kwenye ukosi wake, amekataa kukitoa. Basi huwa namwandika pamoja na jezi: koti moja, limeanikwa, bado bichi.